Kiti Kilichomtangulia Mutie

Baba yangu alikufa mwaka wa 1981. Mimi nilizaliwa mwaka wa 1983. Ukilisema jambo hilo Nairobi, watu wanakutazama kwa jicho la pembeni na kuanza kuhesabu miezi kwa vidole. Ukilisema Ikutha, wanakuuliza tu nyanya yako alikuwa nani.

Nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita Susu, aliitwa Kalondu, nami nimepewa jina lake. Yeye ndiye aliyemwoa mama. Sijakosea kuandika. Kwetu Ukambani, mwanamke aliyefiwa na mwanawe kabla hajaacha mtoto anaweza kuoa msichana kwa jina la marehemu, akatoa mbuzi kama mwanamume yeyote. Msichana huyo anaitwa iweto. Watoto atakaowazaa ni wa marehemu, na shamba la marehemu ni lao, na anayeuliza ni nani aliyesaidia kuwaleta duniani hana adabu. Aliyesaidia kwetu namjua. Ni mchimba visima, mtu wa watu, na habari zake si za leo. Wazee wa kanisa walinung'unika kidogo kuhusu ndoa hiyo, wakala nyama ya mbuzi, wakanyamaza.

Baba yangu ni Mutie wa Kalondu. Nataka kueleza alivyokufa, kwa maana alikufa kwa namna ya ajabu: alikufa akiwa mzima wa afya, na aliyemuua ni kiti.

Mutie alitoka Ikutha mwaka wa 1961, katika njaa ile ambayo wazee wanaiita njaa ya ndege, kwa sababu mahindi ya msaada yaliangushwa kutoka angani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto pekee, na baba yake alikuwa amekwisha kufa. Alimwambia mama yake kwamba anakwenda kutafuta mahindi yasiyosubiriwa kwa kutazama juu. Alitembea hadi Sultan Hamud, akabeba magunia wiki kadhaa katika duka la mtu mmoja wa pwani aitwaye Faki, akapata nauli ya gari la moshi. Hakukaa Nairobi. Aliendelea mpaka Uganda, kwenye mji mdogo uliokuwa na kiwanda cha sukari, na huko akakaa miaka ishirini akikata miwa na baadaye akichochea moto wa tanuri.

Huko ndiko alikochonga kiti chake. Kilikuwa kiti cha miguu mitatu, cha mtu mzima wa Kikamba, uso wake umepambwa kwa waya mwembamba wa shaba, na chini yake alama ya ukoo wetu, ile ile tunayowachoma nayo ng'ombe. Ugenini mtu hana boma wala shamba, lakini akiwa na kiti chake ana mahali. Jioni Mutie alikitoa nje ya chumba chake, akaketi, akatazama watu wakipita. Aliniambia mwenyewe kwamba saa hiyo moja ya jioni ndiyo iliyomtosha kuvumilia zile nyingine.

Mwanzoni mwa 1981 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza katika nchi ile. Wakamba pale kiwandani walikuwa kama mia mbili, na kila mmoja wao alitaka kukunja mkeka arudi kwao. Aliyewazuia ni Sajini Ndolo, mkuu wa walinzi wa kiwanda, mzee aliyepigana Burma akiwa askari wa Mwingereza, na ambaye hakuwahi kabisa kutoka Burma kichwani mwake. Aliwakusanya kwenye uwanja wa mpira.

"Sisi ni watu ya nje," aliwaambia. "Miaka yote wanatuita watu ya nje. Lakini mtu akisimama na bunduki mbele ya nyumba, akiilinda, nani atamwambia nyumba si yake?"

Akaja ofisa mmoja wa serikali ya kule, jina lake Mutie hakulishika, akaahidi mbele ya watu wote. Wakilinda daraja la mto na ghala la sukari miezi mitatu, kila mmoja atapewa karatasi ya uraia na kipande cha ardhi. Nawashangaa wanaume. Ukiwaambia walinde nyumba zao watauliza maswali mia. Ukiwaambia walinde daraja la watu wengine, wanapiga saluti.

Basi wakawa askari. Wenyeji waliwaita Kampani ya Wakamba, wengine kwa heshima, wengine kwa kicheko. Walipewa bunduki moja kwa watu watatu. Waliokosa walichonga pinde, kwa sababu Mkamba asiye na bunduki bado ana upinde. Sare hawakuwa nazo. Sajini Ndolo aliwafunga kitambaa cha gunia la sukari mkononi ili wasipigane wao kwa wao. Asubuhi aliwapigisha gwaride kwenye tope, na usiku walilala chini ya daraja, mvua ikiwafuata huko huko. Mutie alikwenda lindo na kiti chake. Sajini alimkemea siku tatu, siku ya nne akamwomba akikalie kidogo.

Vita vyenyewe waliviona mara moja tu. Asubuhi moja risasi zilitoka ng'ambo ya mto, kwenye miwa, nao wakarudisha risasi kwenye miwa. Yote yalikwisha kabla uji haujapoa. Musembi, aliyekaa chumba kimoja na Mutie miaka kumi na minne, alikuwa amelala kifudifudi karibu na sufuria. Mutie alimgeuza, akaona hakuna cha kufanya. Hakujua kama risasi zake mwenyewe zilimpata mtu. Alipokuwa akinisimulia alirudi hapo mara mbili: hakujua, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Siku ya tisini lilikuja gari, si na karatasi, bali na ofisa mwingine. Alikusanya bunduki akizihesabu, akawashukuru sana, akasema sheria hairuhusu wageni kushika silaha. Sajini Ndolo aliuliza habari za uraia. Yule ofisa aliandika swali lake kwenye daftari kwa makini, akafunga daftari. Mwezi haukuisha, wakaambiwa watoke katika nyumba za kiwanda kwa sababu wao ni watu wa nje.

Wengi walirudi nyumbani, ingawa hakuna aliyekuwa wa Ikutha. Mutie hakurudi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, hana mke, hana akiba, na amemwacha rafiki yake kando ya mto wa watu. Aliona haya. Alijiambia atafanya kazi kidogo mahali pengine, apate chochote cha kumpelekea mama yake, ndipo aende; kazi hiyo kidogo ilimla miaka tisa. Alipata kibarua cha kuchoma matofali mbali zaidi, safari ya kutembea, na kiti ni mzigo. Akampa mwenzake aitwaye Mwangangi, aliyekuwa akirudi Kitui.

"Mpelekee mama," alimwambia. "Mwambie mvua zikianza nitakuja kukikalia."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila Mkamba wa kwetu analijua na Mutie mwenyewe alilijua. Kiti cha mwanamume hakimtangulii nyumbani. Kikiletwa na mtu mwenye neno, sawa, ni ahadi. Kikija bila neno, mwenyewe hayupo tena duniani, na hakuna haja ya kuuliza.

Mwangangi alishikwa na homa njiani. Alifika Sultan Hamud akitetemeka, akaenda dukani kwa Faki kama alivyoelekezwa, akasema, "Hiki ni cha Mutie wa Ikutha," kisha akapelekwa hospitali. Neno lenyewe alikufa nalo siku ya tatu. Faki, ambaye hakuwa Mkamba na hakujua anatuma nini, alikitafutia kiti nafasi kwenye lori la mbuzi. Kikafika soko la Ikutha kimefungwa kwa kamba, wazee wakakigeuza, wakasoma alama ya ukoo, wakakibeba kimyakimya mpaka kwa Kalondu. Wanasema Susu alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini, akaketi mchangani kando yake. Hakuuliza neno. Angeuliza nani?

Mwaka uliofuata alimwoa mama yangu, Nthenya.

Tuliishi vizuri. Kiti kilikaa pembeni mwa nyumba kubwa, na Susu alikipaka mafuta kila Jumapili akitoka kanisani. Hakuna aliyekikalia. Nilijua kutembea nikijua hicho ni cha baba. Susu alifariki mwaka wa 1988, tukamzika juu kidogo ya zizi.

Mwezi wa nane wa 1990, adhuhuri, nilikuwa peke yangu nyumbani, nina miaka saba, mama ameenda mtoni na punda. Mwanamume mrefu aliyevaa koti kuukuu alisimama nje ya boma. Nilimkaribisha kama nilivyofundishwa. Aliingia, akatazama huku na huku, halafu mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kile kiti.

"Hicho hakikaliwi," nilimwambia. "Ni cha baba."

"Baba yako yuko wapi?"

"Alikufa vita. Uganda."

"Nani alikuambia?"

Niliona ni swali la kijinga. "Watu wote wanajua."

Nilimletea stuli ya jikoni. Aliketi. Aliuliza mwenye boma, yule mama mzee, nikamwonyesha kaburi kupitia mlangoni. Alilitazama muda mrefu. Nilimpa maji, akaniuliza jina langu.

"Kalondu."

Alikishika kikombe bila kunywa. "Asante, mwaitu," akasema. Mwaitu maana yake ni mama. Nilicheka, kwa sababu mtu mzima alikuwa ameniita mama.

Mama alipofika nilimkimbilia uani kumwambia hilo, na tulipoingia yule mtu alisimama. Alisema jina lake ni Musembi, kwamba alikuwa pamoja na marehemu Mutie katika kampani ile, na amepita kutoa pole. Mama alimpa muthokoi, akala kidogo. Akaeleza jinsi Mutie alivyokuwa mtu mtulivu, na jinsi alivyofia darajani karibu na sufuria ya uji. Hakukaa hata nusu saa. Akaondoka kwa barabara ya Kibwezi bila kugeuka.

Kuanzia hapo, kila mwezi wa nane, lori moja lilituletea kifurushi kutoka Mtito Andei. Musembi, rafiki wa marehemu, alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni huko. Alituchongea vitu: mwiko, chanuo, rula ya mti yenye alama zilizopimwa sawasawa. Darasa letu zima lilikuwa na rula za plastiki, mimi nilikuwa na ile, na hakuna aliyeniibia.

Mwaka wa 1997 kifurushi kilileta mwiko. Ulikuwa umechongwa vibaya, upande mmoja mnene, upande mwingine umekatwa kupita kiasi. Mama aliugeuza mikononi.

"Mkono wake unatetemeka," alisema. Kisha akasema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana, "Yule si Musembi, Kalondu. Ni baba yako."

Nilimuuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ile. Ulinikimbilia ukicheka eti mgeni amekuita mwaitu. Ni nani anaita mtoto hivyo? Ni mtu mwenye mama aliitwa Kalondu, na mtoto ni wake."

"Na ukanyamaza miaka saba."

"Nilinyamaza." Hakuyakwepa macho yangu. "Niliolewa na mama mzee mpole na mwanaume ameshakufa. Hakuna mwanamke Ikutha alikuwa na ndoa nzuri kama hiyo. Shamba nalima mimi, mbuzi nauza mimi, hakuna mtu wa kuniuliza natoka wapi. Halafu mwenyewe anatokea mlangoni. Niliogopa. Naye aliona ninaogopa, ndiyo akajiita Musembi."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Alikuwa anashika ule mwiko kwa mikono yote miwili.

"Mpelekee kiti chake," alisema. "Mwambie mimi nimesema aje."

Nilikwenda. Njia nzima watu walikitazama kiti magotini mwangu, wakanitazama mimi, wakaniambia pole. Mama mmoja alinipa ndizi. Nilichoka kueleza, nikaanza kuitikia asante.

Mtito Andei ni mji wa watu wanaopita. Malori yanaingia yakitoa moshi, madereva wanakula, wanalala, wanaondoka, na kesho ni wengine. Mutie alikaa katikati ya watu hao miaka saba akifungua lango na kulifunga. Walimwita Mzee Uganda. Yeye alijua majina yao karibu wote, na hakuna hata mmoja aliyejua lake. Nilimkuta amesimama langoni, amekonda, koti ni lile lile. Aliniona kabla sijafika, akaona nilichobeba, na akashika nguzo.

"Ni nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna. Mama amesema uje nyumbani."

Nilikiweka kiti chini mbele yake. Alikizunguka kwanza. Alipinda kidole akagusa waya wa shaba, ukiwa bado unang'aa kwa mafuta ya Susu na ya mama baada yake. Halafu akaketi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na sita, na akanisimulia yote niliyoyaandika hapa, malori yakipiga honi langoni naye hasikii.

"Nimekaa kwa watu miaka thelathini na sita," alisema mwishoni. "Kwangu nimekaa nusu saa. Tena kwa stuli."

"Twende leo."

Akatikisa kichwa. "Siwezi kuja mikono mitupu, mwaitu. Wacha nimalize hapa vizuri, nitafute kitu kidogo cha kushika. Mvua zikianza nitakuja."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nilimwambia hayo ndiyo maneno yale yale aliyomtuma Mwangangi, na tazama yalikomfikisha. Nilimwambia hatuna haja na mikono yake, ijae au iwe mitupu. Alinisikiliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuliko ukaidi. Basi nikakiacha kiti kwake. Nisingeweza kurudi nacho bila mwenyewe, watu wangemlilia upya.

Mvua za mwaka ule zinajulikana. Zilianza mwezi wa kumi na hazikujua kuacha. Barabara zilikatika, mito ikala mashamba. Mwezi wa kumi na moja, lori la mwisho kuvuka mto Athi kabla maji hayajapanda juu ya daraja liliingia sokoni Ikutha, na dereva akateremsha kiti. Alisema amepewa na Khamisa, mwenye ile nyumba ya wageni. Zaidi ya hapo hajui.

Majirani walijaa uani kabla sijamaliza kukifungua kamba. Wanawake walianza kulia. Mzee mmoja alilalamika pembeni kwamba huyu tumeshamlilia, na sasa itakuwaje, mtu halilii maiti moja mara mbili. Mimi nilikaa mchangani kando ya kiti, pale pale alipokaa Susu.

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono. "Nyamazeni," alisema.

Walimpisha njia mpaka kwenye kiti.

"Hiki kiti kilidanganya Susu. Hakuenda kuuliza. Mimi nitaenda niulize."

Walimwambia daraja limefunikwa. Alijifunga leso mbili, akaniachia mbuzi, akajitwika kiti kichwani. Walioshuhudia wanasema alivuka akishika vyuma vya daraja, maji yakimfika magotini, kiti hakikuloa. Barabara ile ya kwenda Kibwezi alitembea siku mbili kwenye tope.

Khamisa alimpokea langoni kwa mshangao. "Mzee yu hai, dada yangu," alimwambia. "Kifua kimembana, nimempeleka zahanati. Kiti alisema nikitume, yeye atafuata. Mimi ningejua vipi kama kwenu kina maneno?"

Alikuwa hai. Alikuwa amelala kitanda cha mwisho karibu na dirisha, akipumua kwa shida, na alipomwona mwanamke mwenye tope mpaka kiunoni amebeba kiti chake hakuuliza safari hii ni nani aliyekufa. Zahanati haikuwa na viti vya wageni. Mama aliweka kile kiti kando ya kitanda. Mwanamke hakalii kiti cha mwanamume, hilo analijua hata mtoto. Yeye alimtazama Mutie, na Mutie akafumba macho na kuyafumbua, maana yake keti.

Alikikalia siku tisa. Siku ya kumi tulipata habari, na maji yalipopungua tulimleta nyumbani, tukamzika kando ya Susu. Mama alilia kwa sauti. Watu wa Ikutha walipomlilia Mutie mara ya kwanza, yeye alikuwa bado hajaolewa naye.

Baada ya mazishi nilimuuliza walizungumza nini siku zote hizo tisa. Alikuwa akikipaka kiti mafuta, kwani kilikuwa kimekauka.

"Si mengi," alisema. "Tulikuwa bado tunazoeana."